Santa Maria del Mar ya Barcelona: nani aliijenga, na kwa nini ndani yake kuna nafasi kubwa hivyo?

Swali la msomaji: «Nilipita Barcelona kwa mapumziko mafupi nikaingia katika kanisa la Santa Maria del Mar. Mtembeza watalii alituambia kwamba lilijengwa na mahamali wa bandarini waliobeba mawe mgongoni. Kwa nje nililiona zito, kama ngome, lakini nilipoingia nilikuta nafasi kubwa na mwanga ambao sikuutarajia. Je, habari ya mahamali ni ya kweli? Kwa nini nje na ndani vimetofautiana hivyo? Na kwa nini kanisa la ukubwa ule linaitwa la parokia na si kanisa kuu? Nikijaliwa kurudi, nitazame nini?»

Jibu: Naanza na suala la parokia, kwa sababu likieleweka hilo, mengine yote huwa rahisi. Katika Kanisa Katoliki, kanisa kuu ni lile lenye kiti cha askofu wa jimbo, liwe kubwa au dogo, la mawe au la mabati. Kiti cha Barcelona kiko katika kanisa la Msalaba Mtakatifu na Mtakatifu Eulalia, ambalo jengo lake la sasa lilianza kujengwa mwaka 1298, mwendo mfupi tu wa miguu kutoka pale ulipokuwa. Hata Sagrada Família, ambayo wageni wengi huidhania kuwa kanisa kuu, ni basilika, yaani kanisa lililopewa heshima ya pekee na Papa, iliyotabarukiwa na Papa Benedikto XVI mwaka 2010. Santa Maria del Mar lilianza likiwa kanisa la parokia na bado ni kanisa la parokia. Hadhi ya basilika ndogo lililopewa na Papa Pius XI mwaka 1923 haikubadilisha jambo hilo. Ukubwa wake, basi, haukutokana na cheo. Ulitokana na watu wa mtaa mmoja wa pwani waliokuwa na fedha, waliokuwa na jambo la kuthibitisha mbele ya wakubwa wa mji, na waliokuwa tayari kuchangia.

Mtaa wenyewe ni La Ribera, yaani ufukweni, na hapo zamani bahari ilikuwa karibu zaidi kuliko ilivyo leo. Kanisa dogo la Bikira Maria kwenye mchanga wa pwani, Santa Maria de les Arenes, limetajwa katika maandishi ya mwaka 998, na mapokeo yanalirudisha nyuma zaidi ya hapo. Inasimuliwa kwamba masalia ya Mtakatifu Eulalia, mfiadini wa Barcelona, yalipatikana hapo mwaka 877 wakati wa Askofu Frodoí, kisha yakahamishiwa kanisa kuu ndani ya kuta za mji. Kuanzia karne ya 13, wakati Taji la Aragon, yaani nchi zilizokuwa chini ya mfalme wa Aragon, lilipojitanua katika Mediterania hadi Mallorca, Sicily na baadaye Sardinia, mtaa huu wa nje ya kuta za kale ukajaa wenye meli, wafanyabiashara, mafundi na vibarua. Majina ya vichochoro yanayolizunguka kanisa yanaonyesha mpaka leo nani alikaa wapi: Argenteria ni ya wafua fedha, Sombrerers ya washona kofia, Espaseria ya wafua panga. Katika Carrer de Montcada, hatua chache kutoka nyuma ya altare, ndiko walikojenga matajiri wa biashara ya baharini, na nyumba zao bado zimesimama, baadhi zikiwa sasa ni makumbusho.

Mwanzoni mwa karne ya 14 kanisa la zamani halikuwatosha tena watu hao. Aliyesukuma mbele wazo la kujenga upya alikuwa Bernat Llull, shemasi mkuu wa Santa Maria, na jiwe la msingi liliwekwa tarehe 25 Machi 1329, Sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria, siku ambayo kwa kalenda iliyotumika wakati ule Catalonia, eneo la Hispania ambalo Barcelona ni mji wake mkuu, ndiyo iliyokuwa siku ya kwanza ya mwaka. Huhitaji kwenda kwenye hifadhi ya nyaraka ili kuithibitisha tarehe hiyo. Imechongwa katika mawe kando ya mlango wa ubavuni, kwa Kilatini upande mmoja na kwa Kikatalani upande wa pili, pamoja na jina la Mfalme Alfonso, ambaye maandishi hayo yanamtaja kuwa ndiye aliyeuteka ufalme wa Sardinia. Alfonso huyo huhesabiwa wa nne katika orodha ya wafalme wa Aragon na wa tatu katika orodha ya Wakatalani, jambo linalowachanganya wasomaji wengi. Ni mtu yule yule.

Mafundi wakuu waliokabidhiwa kazi walikuwa Berenguer de Montagut, anayehesabiwa kuwa ndiye mbunifu wa ramani, na Ramon Despuig. Montagut alikuwa pia fundi wa kanisa kubwa la Manresa, mji wa bara wa Catalonia, na anayeyaona makanisa hayo mawili huutambua mkono wa mtu mmoja. Ila kwa maoni yangu jambo zito zaidi kuliko jina la mbunifu ni sharti lililowekwa mwanzoni: kazi ingekuwa mali ya waumini wa mtaa huo peke yao, wao ndio wangeigharimia kwa fedha zao au kwa nguvu za mikono yao. Mfalme, makabaila na mapadre wa kanisa kuu walikuwa na kanisa lao la kushughulikia, nalo lilikuwa likijengwa wakati huo huo. Msomaji aliyewahi kukaa katika kamati ya ujenzi ya parokia ataielewa hali hiyo mara moja, pamoja na ushindani wa chini kwa chini uliokuwemo ndani yake.

Sasa mahamali. Kwa Kikatalani waliitwa bastaixos, na kuwapo kwao katika ujenzi huu ni jambo la kweli. Barcelona ya wakati ule haikuwa na gati wala bandari yenye kinga. Meli zilitia nanga mbali kidogo na pwani, mashua zikaleta shehena mpaka mchangani, na kutoka hapo kila kitu kilibebwa na watu. Chama cha wabebaji kilikuwa kikubwa na kilikuwa na heshima yake, ijapokuwa watu wenyewe walikuwa maskini. Mawe ya kanisa yalichimbwa katika machimbo ya kifalme kwenye kilima cha Montjuïc, kusini-magharibi mwa mji, kwa ruhusa ya mfalme, na mahamali hao waliyaleta hadi kiwanjani wakijitolea, bila ujira, kama sehemu ya ibada yao. Jiwe la Montjuïc ni jiwe la mchanga lakini ni gumu na zito ajabu, kwa hiyo sadaka hiyo haikuwa ndogo.

Ninachokikataa katika maelezo ya watembeza watalii ni ile kauli kwamba kanisa «lilijengwa na mahamali». Kulibeba jiwe ni kazi moja. Kulichonga likae sawasawa katika mbavu ya dari ni nyingine, na hiyo ilikuwa kazi ya waashi waliofunzwa kwa miaka mingi na kulipwa. Walikuwepo pia maseremala waliotengeneza fremu za mbao za kushikilia matao kabla hayajafungwa, wachoma chokaa, wahunzi wa kunoa patasi, na juu ya wote walikuwepo wafanyabiashara waliotoa fedha nyingi na ambao koo zao zilipata kuzikwa ndani. Mahamali walikuwa kundi moja miongoni mwa mengi. Tofauti yao ni kumbukumbu waliyoachiwa. Katika makanisa mengi ya Ulaya ya zama zile, anayechongwa mlangoni ni mfalme, askofu au mfadhili akiwa amepiga magoti; hapa kwenye mbao za mlango mkubwa wa mbele kuna vijisanamu viwili vya shaba vya wanaume walioinama chini ya mzigo, na wenzao wamechongwa ndani, karibu na altare. Mtaa uliokubali mahamali wake wawe mlangoni, mahali ambapo kila anayeingia angewaona, ulikuwa unatangaza kanisa ni la nani.

Ujenzi ulikwenda mbio. Kuta za nje, vikanisa vya pembeni na sura za nje vilikamilika kufikia mwaka 1350, yaani katika kipindi kilichokuwa na njaa kubwa ya mwaka 1333, ambayo Wakatalani waliikumbuka kwa jina la «mwaka mbaya wa kwanza», na tauni ya mwaka 1348. Mwaka 1379, dari likikaribia kumalizika, moto ulizuka na kuharibu sehemu muhimu za kazi. Hata hivyo jiwe la mwisho la kufungia dari liliwekwa tarehe 3 Novemba 1383, na misa ya kwanza iliadhimishwa tarehe 15 Agosti 1384, Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Ni miaka 55 tu. Ukikumbuka kwamba sura ya mbele ya kanisa kuu la mji huo huo ilimalizwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, utaona kwa nini Santa Maria del Mar lina jambo ambalo makanisa makubwa machache ya zama za kati yanalo: limejengwa kwa wazo moja, kwa mtindo mmoja, bila mjukuu wa fundi wa kwanza kuja na fikra zake mpya nusu ya njia. Kilichochelewa ni minara tu. Wa kwanza ulimalizika mwaka 1496 na wa pili mwaka 1902.

Wazo hilo moja ndilo linalojibu swali lako kuhusu nje na ndani. Dari la mawe lenye matao lina tabia ambayo kila mwashi aliijua: mbali na kushuka chini kwa uzito wake, husukuma pia pembeni, na lisipozuiwa huzipasua kuta. Mafundi wa Ufaransa ya kaskazini waliuinua ukumbi wa kati juu sana kuliko kumbi za pembeni, halafu wakauzuia msukumo huo kwa matao yanayokatiza hewani nje ya jengo na kutua kwenye viegemeo vya mawe. Matokeo yake ni fahari kubwa na urefu wa kutisha: dari la kanisa kuu la Amiens liko mita 42 hivi juu ya sakafu, na la Beauvais lilifika mita 48, likaporomoka sehemu mwaka 1284. Mafundi wa Barcelona walikwenda njia nyingine. Waliziinua kumbi za pembeni zikakaribia kimo cha ukumbi wa kati, ambacho ni kama mita 32, zikabaki nyuma kwa mita chache tu. Hivyo dari za pembeni zenyewe hulikumbatia dari la kati kutoka pande zote mbili, na msukumo unaobaki hupokelewa na viegemeo vinene vilivyosimama wima kwenye kuta za nje.

Kisha wakafanya jambo la werevu. Badala ya kuviacha viegemeo hivyo vichomoze nje, waliujenga ukuta kwenye ncha zao za nje na kuzitumia nafasi zilizobaki katikati kuwa vikanisa vya pembeni, vitatu katika kila pengo, ambavyo vyama vya mafundi na koo za wafanyabiashara viliweza kupewa kwa ajili ya altare na makaburi yao. Kwa hiyo unapotembea Carrer de Santa Maria unaona ukuta mpana, bapa, usio na kitu, kwa sababu mifupa ya jengo imo ndani. Ongeza hapo kwamba dari halikufunikwa kwa paa refu la mbao lenye mteremko, kama ilivyo lazima katika nchi za theluji, bali kwa sakafu ya juu iliyo karibu bapa ambayo watu wanaweza kuitembelea, na kwamba minara ni ya pembe nane isiyo na vichwa vilivyochongoka. Mistari yote mikubwa ya nje, basi, inalala. Ngome uliyoiona haikukusudiwa kutisha mtu. Ni jengo la Kigothi, mtindo wa makanisa ya Ulaya ya zama za kati wenye matao yaliyochongoka, ambalo mambo yake yamewekwa ndani.

Ukivuka mlango unafaidika na hesabu hiyo. Nguzo za ukumbi wa kati zimesimama mita 13 hivi kutoka moja hadi nyingine, umbali ambao hutajwa mara nyingi kuwa mkubwa kuliko wa kanisa lolote la Kigothi la Ulaya. Upana wa ukumbi wa kati nao ni huo huo, kwa hiyo kila kipande cha dari lake ni mraba, na kumbi za pembeni zina upana wa nusu yake. Ukumbi mzima una vipande vinne tu vya aina hiyo kabla ya kufika altareni, mahali ambapo kanisa la Kifaransa lenye urefu kama huo lingekuwa na nguzo maradufu. Nguzo zenyewe ni za pembe nane, unene wake kama mita 1.6, bila vifimbo vya mapambo vilivyobandikwa. Hupanda moja kwa moja mpaka kwenye taji lake dogo ambapo mbavu za dari huanza kutawanyika. Hakuna mikono ya msalaba inayokata jengo katikati. Kwa kuwa nguzo ni chache na nyembamba kwa kulinganisha, na kumbi tatu zinakaribiana kimo, jicho halioni njia tatu zilizotengwa. Huona chumba kimoja kikubwa chenye nguzo zilizosimama ndani yake. Mwanga huingia kutoka madirisha marefu ya kuta za pembeni na madirisha ya mviringo yaliyo juu ya matao, na katika mji wenye jua la Mediterania hapakuwa na haja ya kuugeuza ukuta wote kuwa kioo.

Karibu na altare mpangilio hubadilika, na nakushauri usimame hapo kwa muda. Nguzo zilizokuwa zimeachana kwa mita 13 ghafla zinasogeleana na kuizunguka altare kwa nusu duara, huku njia ya kupitia nyuma yake ikiendeleza kumbi za pembeni. Mapengo yanakuwa membamba, matao yanachongoka, na macho yanavutwa juu kwa mara ya kwanza. Mbunifu aliutunza wima wa Kigothi, ambao Wafaransa huutumia tangu mlangoni, akautoa mahali pamoja tu, pale ulipohitajika.

Ujasiri huo wa upana haukuwa wa fundi mmoja. Ni tabia ya Kigothi cha Kikatalani kwa jumla, ambacho kilipenda kufunika nafasi pana kwa nguzo chache kadiri ilivyowezekana, na kilifika mwisho wake katika kanisa kuu la Girona, ambako baada ya mafundi kuitwa mara mbili kutoa ushahidi kama jambo hilo lingesimama, mwaka 1386 na mwaka 1416, uliamuliwa ukumbi mmoja wenye upana wa karibu mita 23 bila nguzo yoyote. Mafundi hao walikuwa na mbinu za kupunguza uzito. Mojawapo ilikuwa kujaza mabega ya dari kwa vyungu vitupu vya udongo badala ya kifusi cha mawe. Kwa ajili hiyo vyungu vilivyopasuka au kuharibika katika tanuri vilipata soko kwa waashi.

Sura ya mbele nitaipitia kwa haraka zaidi. Juu ya mlango mkuu yumo Kristo, na pembeni mwake Bikira Maria na Mtakatifu Yohane wakiwa wamepiga magoti. Petro na Paulo wanasimama kila mmoja upande wake. Dirisha kubwa la waridi lililo juu si la karne ya 14. Tarehe 2 Februari 1428, Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, watu wakiwa kanisani, tetemeko la ardhi lililoikumba Catalonia liliangusha dirisha la kwanza, na waumini waliokuwa chini yake walipoteza maisha. Jipya lilitengenezwa miongo mitatu baadaye kwa mtindo wa mawe yanayopindapinda kama ndimi za moto, uliokuwa wa kisasa wakati huo, na vioo vyake vya rangi, vinavyoonyesha Bikira Maria akivikwa taji, ni kazi ya Antoine de Lonhy, msanii aliyekuwa na karakana Toulouse. Ndiyo sehemu pekee ya kanisa ambayo inaonyesha wazi kwamba imetoka zama nyingine, na hata hivyo haigombani na mengine.

Karne zilizofuata ziliongeza watu na matukio zaidi kuliko zilivyobadilisha jengo. Pedro wa Ureno, ambaye Wakatalani waliokuwa wakipigana na mfalme wao walimchagua kuwa mfalme, alizikwa hapa alipofariki mwaka 1466. Ignasi wa Loyola, kabla hajaanzisha shirika la Wajesuiti, aliketi kwenye ngazi za ndani akiomba sadaka alipokuwa akisoma Barcelona katika miaka ya 1524 na 1525, na kuna maandishi yanayokumbusha jambo hilo. Mwaka 1714, mji ulipozingirwa na majeshi ya Mfalme Felipe V wa Hispania mpaka ukaanguka tarehe 11 Septemba, waliokufa wakiulinda walizikwa katika makaburi ya parokia yaliyo ubavuni mwa kanisa, Fossar de les Moreres, yaani makaburi ya miforosadi, na mahali hapo pana mwenge unaowaka hadi leo. Baada ya vita sehemu kubwa ya La Ribera ilibomolewa ili kujenga ngome ya kuudhibiti mji. Parokia ilipoteza nyumba nyingi za waumini wake, lakini kanisa likabaki. Baadaye katika karne hiyo hiyo altare kuu ilifunikwa na kazi kubwa ya Kibaroko, mtindo wa mapambo mengi, yenye nguzo, malaika na dhahabu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo maelezo mengi ya kitalii huliruka, nalo ni nusu ya jibu kwa swali lako kuhusu nafasi. Utupu uliouona haukupangwa wote na Berenguer de Montagut. Mnamo Julai 1936, majenerali walipoasi dhidi ya serikali ya Jamhuri ya Hispania na mapigano yakafika Barcelona tarehe 19, makundi yenye hasira dhidi ya Kanisa yalichoma makanisa mengi ya mji. Santa Maria del Mar liliwaka, na moto huo unaelezwa kuwa uliendelea kwa siku 11. Altare ya Kibaroko, viti vya kwaya, kinanda kikubwa, picha na sanamu za vikanisa vya pembeni, na sehemu ya nyaraka za parokia vilikwisha. Joto lilivunja vioo na kuyababua mawe, na moshi ukaliacha dari jeusi. Kanisa kuu, kwa upande wake, lililindwa na serikali ya Catalonia likaokoka karibu zima.

Mawe yalisimama. Vita vilipokwisha, kulikuwa na uchaguzi wa kufanya: kurudisha kilichokuwa kimeungua, au kuliacha jengo lionekane kama lilivyo. Ulichaguliwa uchi wa mawe, na kama mtu anayependa majengo siwezi kujizuia kusema kwamba uchaguzi huo ulikuwa sahihi, ingawa najua wapo waumini ambao kwao kila sanamu iliyoungua ilikuwa na babu aliyeilipia. Leo juu ya altare pana sanamu ya Bikira Maria yenye mfano wa merikebu ya zama za kati miguuni pake, na nyuma yake hakuna kitu ila nguzo na mwanga. Usafi huo, ambao waandishi wengi wameusifu kama roho ya karne ya 14, ni wa karne ya 20 kwa kiasi kikubwa. Watu wa karne ya 14 wenyewe walipaka rangi, walitundika vitambaa, waliwasha taa, na hawakuona tatizo kuweka vitu vingi mahali pamoja.

Ukarabati ulichukua miongo mingi na ulitegemea tena michango. Miongoni mwa waliotoa fedha katika miaka ya 1960 ni klabu ya mpira ya Barcelona, na shukrani yake imo katika mojawapo ya madirisha ya vioo vya rangi: nembo ndogo ya Barça, ambayo mashabiki huitafuta kwa bidii kuliko wanavyolitafuta dirisha la waridi. Mtu akiuliza nembo ya klabu inafanya nini kanisani, ajue kwamba chama cha mafundi wa karne ya 14 kilichochangia kikanisa kilitia alama yake ukutani kwa utaratibu huo huo.

Ukirudi, nenda siku yenye jua na uanze kwa kutazama juu. Katika mstari wa dari la kati kuna mawe matano makubwa ya kufungia matao, yaliyochongwa na kupakwa rangi: juu ya altare ni Bikira Maria akivikwa taji, kisha Kuzaliwa kwa Bwana, kisha Kupashwa Habari, kisha Mfalme Alfonso akiwa juu ya farasi, na karibu na mlango ni ngao ya mji wa Barcelona. Mfuatano huo unafuata hatua za kazi, kwa kuwa dari lilifungwa kuanzia altareni kuelekea mlangoni. Pata pia nafasi ya kupanda kwenye sakafu ya juu, ambako utaona kwa macho yako jinsi viegemeo vinavyoshuka na jinsi paa lilivyo bapa. Kisha tembea hadi kanisa kuu siku hiyo hiyo. Huko kwaya ya zamani bado imejengwa katikati ya ukumbi, inakata njia ya macho kati ya mlango na altare, na vikanisa vya pembeni vimejaa altare za dhahabu nyuma ya vyuma. Santa Maria del Mar nalo lilikuwa limejaa namna hiyo kabla ya Julai 1936, na ukiyaona makanisa yote mawili kwa siku moja utaweza kupima mwenyewe ni kiasi gani cha nafasi ile ni kazi ya waashi na ni kiasi gani ni kazi ya moto.